Sikio Halilali na Njaa

Nilikuwa nasuuza kikombe kazini, mawazo yote yako kwenye ripoti iliyonisubiri mezani, mwenzangu aliyekuwa nyuma yangu akingoja zamu ya bomba akaniuliza, "Wimbo gani huo?"

"Upi?"

"Huo unaouimba. Kila asubuhi unauimba hapo hapo bombani. Mpaka mimi nimeanza kuuimba nyumbani."

Sikuwa na jibu. Kwanza sikujua kama nilikuwa naimba. Nikajaribu kuurudia kwa makusudi, ukanikimbia kama ndege aliyegundua kwamba ananyemelewa. Ulirudi wenyewe mchana, nilipokuwa nimeshausahau: sauti nane hivi, zinapanda, zinasita kidogo, zinashuka kwa hatua fupi fupi, kisha zinaanza upya. Hauna maneno. Siujui kutoka redioni, wala harusini, wala kwenye ibada. Nikawa nao siku nzima kama mtu aliyekuta ufunguo mfukoni asijue ni wa mlango gani.

Mlango niliupata kesho yake asubuhi, kwenye njia ya chini kwa chini ninayopita kuvuka barabara kuu. Pale, mita chache kabla ya ngazi za kupandia, alikuwa amekaa mzee mpiga kodiani, mgongo ukutani, begi la chombo chake likiwa wazi miguuni. Nilisikia zile sauti nane nikasimama ghafla hata aliyekuwa nyuma yangu akanigonga. Nimeipita njia ile asubuhi zaidi ya mia moja. Kama ungeniuliza jana yake iwapo kuna mtu hukaa pale, ningekujibu kwamba labda yupo. Ni mwanamume au mwanamke? Ni kijana au mzee? Anapiga chombo gani? Nisingejua. Na huku wimbo wake nilikuwa nimeshauhamishia kazini, nikampa mwenzangu, naye akaupeleka kwao.

Wahenga walisema sikio halilali na njaa. Tumezoea kulitumia neno hili kwa habari za watu: ukikaa kimya, umbeya utakufuata. Mimi siku ile lilinijia kwa upande mwingine. Miguu yangu ilikuwa inakimbia na macho yanatafuta saa ya ukutani, lakini sikio lilikuwa linajilia lake kila asubuhi na kujiwekea akiba, bila kuniomba ruhusa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiria sana jambo la wanamuziki wa njiani na sisi tunaowapita. Na kila ukilianza jambo hili na watu, haichukui muda kabla mmoja hajaleta kisa cha Washington. Wengi mmekisikia, lakini nakisimulia kwa sababu nadhani tumezoea kukisoma vibaya.

Ijumaa, tarehe 12 Januari 2007, saa 2 kasoro dakika 9 asubuhi, kijana mmoja aliyevaa jinzi, fulana ya mikono mirefu na kofia ya besiboli alisimama ukutani kando ya pipa la taka, kwenye kituo cha treni cha L'Enfant Plaza. Akatoa fidla, akaliweka begi lake wazi sakafuni, akatupia humo dola chache na sarafu zake mwenyewe ili wapita njia waelewe, akaanza kupiga. Kijana yule alikuwa Joshua Bell, mmoja wa wapiga fidla mashuhuri kabisa duniani. Fidla yenyewe ilitengenezwa mwaka 1713 na Antonio Stradivari, fundi wa Italia ambaye fidla zake ni miongoni mwa zinazothaminiwa kuliko zote. Siku tatu kabla, Bell alikuwa amejaza ukumbi mkubwa wa muziki mjini Boston, ambako kiti kizuri cha kawaida kiliuzwa dola 100.

Alipiga kwa dakika 43. Walipita watu 1,097. Waliosimama kusikiliza angalau kwa dakika moja walikuwa 7. Waliotupa chochote, wengi wao bila kupunguza mwendo, walikuwa 27, na zilipohesabiwa zilikuwa dola 32 na senti 17, ukiacha 20 alizotoa mtu mmoja aliyemtambua. Jaribio lile lilipangwa na mwandishi Gene Weingarten wa gazeti la The Washington Post, na makala yake ilimpatia Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, mwaka 2008.

Tangu hapo kisa hiki kimekuwa kikizunguka mitandaoni kama mahubiri. Kila anayekituma huongeza sentensi yake mwishoni: tazameni binadamu walivyo, hawaoni uzuri hata ukiwa mbele ya pua zao. Na sisi tunaosoma tunatikisa kichwa, kila mmoja akiamini kimoyomoyo kwamba yeye angekuwa wa nane.

Mimi nisingekuwa wa nane. Nina ushahidi wa asubuhi mia moja na kitu. Lakini pia sikubali kwamba wale 1,090 hawakupenda uzuri. Wengi wao walikuwa watumishi wa serikali wanaowahi kazini siku ya Ijumaa, mwezi wa Januari, katika saa ambayo kila dakika ina mwenyewe. Mtu aliyelipa dola 100 kule Boston alikuwa amelipia pia saa mbili zake. Alipanga nani abaki na watoto, akala mapema, akafika, akazima simu, akakaa gizani pamoja na watu waliokuja kwa nia moja na yake. Ukumbi ndio ulimfanya msikilizaji kabla hata mpigaji hajagusa uzi. Ukimchukua mtu huyo huyo ukamweka kituoni saa 2 kasoro, begi begani, mkuu wake wa kazi akitazama mlango, umemchukua mtu mwingine.

Kuna utafiti wa zamani zaidi ambao kwangu una uzito kuliko ule wa fidla. Mwaka 1973 wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 40 wa seminari ya Princeton, vijana waliokuwa wanasomea dini. Kila mmoja alitakiwa kutoka jengo moja kwenda jingine akatoe hotuba fupi. Baadhi yao hotuba yao ilikuwa juu ya Msamaria Mwema, ule mfano wa mtu aliyepigwa na wanyang'anyi akaachwa njiani, viongozi wa dini wakampita, akaokolewa na mgeni. Njiani, mlangoni pa nyumba, watafiti walimweka mtu amejikunyata, anakohoa na kuguna. Swali likawa: nani atasimama?

Wale walioambiwa wana muda wa kutosha, 63 kwa kila 100 walisaidia. Walioambiwa waende sasa hivi bila kuchelewa, 45. Walioambiwa wameshachelewa na wanangojwa, 10 tu. Hotuba aliyoibeba mtu kichwani, iwe ya Msamaria au ya mambo mengine, haikuleta tofauti ya maana. Tofauti ililetwa na saa. Wengine walimruka yule mtu mlangoni wakaenda kufundisha habari za kutomruka mtu njiani.

Nilipousoma utafiti huo nilikaa kimya muda mrefu. Kama haraka inaweza kumfanya mseminari amruke mgonjwa, basi fidla ina nafasi gani? Na ndipo lawama yangu ikahama. Iliondoka kwa wapita njia, na kwangu mwenyewe pia kwa kiasi fulani, ikaenda kwa namna tulivyozipanga asubuhi zetu: tunaondoka nyumbani katika dakika ya mwisho inayowezekana, tukiamini kwamba safari ni muda uliokufa, kitu cha kumezwa upesi kama dawa chungu. Mtu anayesafiri saa moja kwenda na saa moja kurudi, siku tano kwa wiki, hutumia zaidi ya saa 450 njiani kwa mwaka, hata ukitoa likizo. Ni siku 19 kamili, mchana na usiku. Siwezi kukubali kuziita zimekufa.

Kuna jambo moja kwenye kisa cha Washington ambalo mahubiri ya mitandaoni hulitaja haraka haraka na kulipita, na mimi ndilo linalonigusa kuliko yote. Ni watoto. Weingarten na wenzake walipozitazama picha za video, hawakuona mpangilio wowote kati ya waliosimama na waliopita: wanaume kwa wanawake, vijana kwa wazee, weusi kwa weupe, walipita wote. Kundi moja tu lilikuwa na tabia yake. Kila mtoto aliyepita pale alijaribu kusimama atazame. Kila mmoja. Na kila mara mzazi alimvuta mkono wakaenda.

Mimi nimekuwa mtoto anayevutwa, na nimekuwa mkono unaovuta. Nakumbuka jinsi shingo inavyogeuka peke yake huku miguu ikiburutwa, na kile kitu unachokitazama kinavyozidi kuwa kidogo. Na nakumbuka, nilipokuwa nimemshika mpwa wangu mkono, jinsi uzito ule mdogo ulivyonikera: "Twende, twende, tutachelewa." Sikugeuka kuona alikuwa anatazama nini. Sasa ni mkubwa, na nilipomuuliza hakumbuki. Natamani ningegeuka.

Turudi kwa mzee wa kodiani.

Ilinichukua wiki nzima kupata ujasiri wa kuongea naye. Asubuhi sikuweza, kwa sababu zilezile nilizozieleza. Nilimwendea jioni, watu walipokuwa wamepungua, nikamsalimia: "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamwambia kuna wimbo wake mmoja umenikaa kichwani, naomba kujua jina lake. Akaniambia nimuimbie. Nikamwimbia zile sauti nane, na aibu yangu yote, chini ya ile dari inayorudisha kila kitu mara mbili. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka kicheko cha mtu aliyekutwa na kitu chake cha siri.

"Huo si wimbo," akasema. "Hayo ni mazoezi ya vidole. Asubuhi vidole vyangu ni vigumu. Nazungusha hivyo hivyo mpaka vilegee."

Ninazo kichwani nyimbo ngapi za watu wakubwa, zilizolipiwa studio na matangazo, nisizoweza kuzikumbuka hadi mwisho? Na nilichokibeba miezi yote ile ni mzee anayelegeza vidole!

Nikamuuliza kwa nini basi hapigi nyimbo zake kamili asubuhi, wakati watu ni wengi kuliko jioni. Akanitazama kama mvuvi anayeulizwa kwa nini hatupi nyavu wakati maji yamekupwa. Asubuhi, akasema, watu wanampita. Hawana kosa, wanawahi. Asubuhi yeye anafanya mazoezi na wao wanafanya safari. Kazi ni jioni. Jioni mtu amekwisha kudaiwa na siku, na hata akichelewa dakika mbili, dakika hizo ni zake. Hivyo ndivyo alivyosema: ni zake.

Mzee huyu hajafanya utafiti wowote, wala hajasoma habari za Princeton. Lakini kama watu wa Washington wangemwendea kwanza, angewaambia saa gani ya kwenda, na wapi pa kusimama.

Maana mahali nako ni elimu nzima. Nilikuwa nadhani wanamuziki wa njiani hukaa popote palipo na nafasi. Alinionyesha. Usikae katikati ya njia iliyonyooka, kwa sababu pale mwendo wa watu ni wa kasi na hakuna wa kuukatiza bila kugongwa. Kaa kabla kidogo ya ngazi au kona, mahali ambapo mtu hupunguza mwendo hata kama hakukusudia. Usikae mlangoni kabisa, maana mtu anayeingia bado anatafuta njia kwa macho. Mwache aanze kukusikia akiwa mbali, asikuone, ajiulize, ndipo akukute. Akikufikia awe ameshaamua kama atatoa mkono mfukoni. Ukuta wa vigae na dari ya zege ni rafiki wa sauti, lakini ni rafiki mwenye mdomo: ukipiga haraka sana sauti zinagongana na kuwa vurugu. Kwa hiyo chini ya ardhi anapiga polepole kuliko anavyopiga nje. Sauti nene humezwa na ngurumo za magari yanayopita juu, nyembamba hupenya. Ndiyo maana mkono wake wa kulia ndio unaobeba wimbo pale, na wa kushoto unasindikiza tu.

Na wimbo wenyewe lazima uwe na mlango kila mahali. Kwenye ukumbi watu huingia wote mwanzo na kutoka wote mwisho. Njiani kila mtu anaingia kwenye wimbo mahali pake na kutoka mahali pake, na anakaa humo sekunde kumi, labda kumi na tano. Mpigaji wa njiani anajua kwamba karibu hakuna atakayesikia kazi yake nzima. Ni sanaa ya kutoa vipande na kuhakikisha kila kipande kina ladha ya mkate mzima. Nikilitazama hivyo, naona Bell siku ile hakuwa tu amevaa nguo za kawaida. Alikuwa kwenye kazi ambayo si yake. Alipiga kazi ndefu ya Bach, mtunzi Mjerumani wa zamani, ya fidla moja peke yake, inayochukua kama robo saa na inayojengwa taratibu, tabaka juu ya tabaka. Ni kama kumsomea riwaya mtu anayepita na baiskeli.

Bell mwenyewe alieleza baadaye kwamba kilichomsumbua ni ile nafasi baada ya kila wimbo kwisha: hakuna kitu. Hakuna makofi, hakuna hata kukohoa. Alizoea ukumbi unaolipuka. Wa njiani wanaishi ndani ya ukimya huo kila siku, na ndiyo maana wengi wao hawamalizi wimbo; wanaushona na unaofuata ili pasiwe na shimo. Zile sauti nane za mzee, nilikuja kugundua, nazo hufanya kazi hiyo jioni: ni uzi wa kushonea.

Nisieleweke kwamba kila sauti njiani ni neema. Charles Babbage, yule Mwingereza aliyebuni mashine ya kukokotoa ambayo wengi huiita babu wa kompyuta, aliwachukia wapiga vinanda vya kuzungusha wa mitaa ya London hata akaandika kwamba walikuwa wamemwibia robo ya nguvu zake za kufanya kazi. Alipigana nao miaka mingi, nao walimjibu kwa kuja kupiga chini ya madirisha yake. Mwaka 1864 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyompa mwenye nyumba haki ya kumfukuza mwanamuziki mbele ya mlango wake. Zamani ningemcheka Babbage. Sasa namwelewa kidogo. Mimi nasikiliza sekunde kumi na tano na kwenda zangu. Anayeuza magazeti kando ya mzee anasikiliza kwa muda wa saa nane, na hakuchagua. Pale Washington kulikuwa na mng'arisha viatu aliyekuwa na desturi ya kuwaitia polisi wanamuziki waliomzidi kelele. Siku ya Bell hakuita. Katika hukumu zote zilizotolewa asubuhi ile, hiyo naiheshimu sana, kwa sababu ilitolewa na sikio lililokuwa kazini.

Miji mingine imejaribu kulipangia jambo hili utaratibu. New York ilianza mwaka 1985 mpango wa kuwasikiliza na kuwachagua wanamuziki wa vituo vyake, Paris ikafuata 1997, na London ikaanza kutoa leseni 2003, na alama zikachorwa sakafuni kuonyesha pa kusimama. Ni jambo jema, mwanamuziki hafukuzwi kama mwizi. Ila nawafikiria wale wanaofeli usaili. Mzee wangu na vidole vyake vya asubuhi angepita?

Maana hatujui nani yuko mbele yetu, na sisemi hivyo kwa maana ya mtu mashuhuri aliyejificha chini ya kofia. Hilo ndilo linaloniudhi kidogo katika kisa cha Washington: ujumbe wake unategemea mwishowe kufunuliwa kwamba alikuwa mtu mkubwa. Kama angekuwa si mtu mkubwa, je, wangekuwa na haki ya kumpita?

Kinshasa, katika viunga vya bustani ya wanyama ya mji huo, walikuwa wakikutana kufanya mazoezi wanamuziki kadhaa waliolemazwa na polio, wakitembelea baiskeli za magurudumu matatu walizojiundia. Walijiita Staff Benda Bilili. Kwa Kilingala, benda bilili ni kama kusema: tazama zaidi ya yale yanayoonekana. Pamoja nao alikuwepo kijana wa mitaani, Roger Landu, aliyejitengenezea chombo chake mwenyewe kwa kopo, kijiti kilichopindwa na waya mmoja. Akakiita satonge. Ukikitazama utadhani mtoto anachezea takataka. Ukikisikia, nywele zinakusimama. Kinalia juu kabisa, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 2009, wakazunguka Ulaya na kumbi zikajaa. Lakini ule waya mmoja ulikuwa unalia vilevile kabla ya 2009. Watu waliokuwa wakipita pale Kinshasa waliusikia bure.

Na yupo Blind Willie Johnson, Mmarekani kipofu aliyeimba nyimbo za Mungu kwenye kona za mitaa ya Texas. Mwezi Desemba 1927, mjini Dallas, alirekodi kipande kisicho na maneno hata moja: gita na mguno wa mtu aliye peke yake usiku. Alifariki 1945 katika umaskini. Mwaka 1977 Marekani iliporusha vyombo viwili vya Voyager kwenda nje ya mfumo wa jua, kila kimoja kilibeba santuri iliyopakwa dhahabu yenye sauti za dunia, na mguno ule ukawekwa humo, pamoja na Bach na Beethoven. Uko huko sasa, nje kabisa, mbali kuliko kitu chochote kilichowahi kutengenezwa na mkono wa binadamu. Nikiwa nashuka ngazi za njia ya chini kwa chini nafikiria: wapo watu waliopita kona ile wakausikia mguno ule ukitoka kifuani mwake mwenyewe, wakaangalia saa.

Nimebadilisha nini? Kidogo tu, na sitaki kukikuza. Natoka nyumbani dakika 8 mapema. Mwanzoni nilidhani dakika hizo nitampa mzee, lakini zimeenea kotekote. Nimegundua kwamba mfagiaji wa ngazi ana mahadhi yake: anafagia mara mbili kwa mvuto mrefu, mara moja kwa mfupi, halafu anagonga fagio kwenye ukingo, na asubuhi nyingine mzee anaingia humo humo na kodiani bila wao wawili kutazamana. Nimegundua kuna wakati jua linaingia kwenye mlango wa juu na kushuka ngazi tano, halafu sita, kisha linajifuta. Nimegundua mama mmoja ambaye hupunguza mwendo kila siku mahali palepale, hasimami, hatoi kitu, anapumua tu, anaendelea. Huyo Washington wangemhesabu kati ya waliopita. Mimi simhesabu hivyo tena.

Kuhusu fedha, natoa ninapokuwa nazo, na ninapokuwa sina namtazama usoni nainamisha kichwa. Mzee aliniambia hilo linatosha kuliko sarafu iliyotupwa na mtu anayetazama pembeni. Video sipigi bila kuomba. Na wimbo ukiisha mbele yangu, napiga makofi, hata nikiwa peke yangu. Mara ya kwanza dari ilinirudishia makofi yangu mengi mengi, tukabaki tunatazamana mimi na yeye kama watu wawili walioingiliwa na wageni.

Wiki iliyopita, jioni, nilimkuta amezungukwa na nafasi tupu kama kawaida, watu wakipita kando kando ya ukuta wa pili. Aliponiona alikata wimbo aliokuwa anaupiga, akaanza zile sauti nane. Safari hii hakuishia pale vinapoishia vidole. Mivukuto ikafunguka, mkono wa kushoto ukaingia, na ile njia fupi niliyoizoea ikageuka kuwa barabara: ikapanda mahali ambapo sijawahi kuisikia ikipanda, ikakaa huko, ikarudi nyumbani kwa mlango mwingine. Alikuwa ameutunga hadi mwisho.

Mtoto wa miaka minne au mitano alikuwa anapita na baba yake. Shingo ikageuka. Miguu ikagoma. Baba akavuta mara moja, akavuta mara ya pili, akafungua mdomo kusema neno ambalo nalijua. Kisha sijui kilichompata. Akatazama alikokuwa anatazama mtoto. Akashusha begi begani, akaliweka chini katikati ya miguu yake.

Nilitazama saa yangu, kwa sababu moja tu: nilitaka kujua kama wangetimiza dakika. Walitimiza.